Sakafu ya Daraja na Maji Yasiyopewa Njia

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, watu wa Mwanza, Sengerema na Geita wamekuwa na kila sababu ya kulifurahia. Maji ya kati ya Kigongo na Busisi, ambayo siku ya foleni yalimweka msafiri kivukoni kwa saa nzima au zaidi, sasa yanavukwa kwa dakika chache, na mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando usiku hasubiri tena kivuko kirudi kutoka ng'ambo. Mengi yameandikwa kuhusu urefu wa kilomita tatu, kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 700 zilizotolewa na Serikali yenyewe, na kuhusu nguzo zilizosimikwa ndani ya ziwa. Kilichoandikwa kidogo mno ni sakafu ya daraja, yaani lile bamba la zege lililo chini ya lami, ambalo hubeba kila gurudumu na kupokea kila tone la mvua. Nataka kuizungumzia sakafu hiyo, ya daraja hilo kubwa na ya madaraja madogo yasiyo na jina yaliyotapakaa kuanzia Magu hadi Bukoba. Hoja yangu ni kwamba katika ukanda huu wa ziwa, umri wa daraja la zege huamuliwa zaidi na kazi ndogo za kuyaondoa maji juu yake kuliko na ukarabati wowote mkubwa utakaofanywa baadaye, na kwamba kazi hizo ndogo ndizo tunazozipuuza.

Tuanze na hesabu. Daraja la Magufuli, yaani la Kigongo–Busisi, lina upana wa mita 28.45, ukizidisha kwa urefu wake unapata eneo la zaidi ya mita za mraba 85,000. Mvua moja ya masika ya milimita 50 huangusha juu ya eneo hilo maji yanayozidi lita milioni 4. Maji hayo ama yatapita katika mifereji na mabomba aliyoyakusudia msanifu, ama yatajitafutia pa kupita, na hapo huishia kwenye viungio (nafasi zinazoachwa kati ya vipande vya sakafu ili vipate kutanuka kwa joto), kwenye nyufa na kwenye kingo. Daraja la mita 20 katika barabara ya wilaya hupokea maji machache, lakini hali yake huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi limemwagwa bila mteremko wa kutosha wa kupeleka maji pembeni, na matundu yake ya kutolea maji ni membamba kiasi kwamba chupa moja ya plastiki na udongo wa msimu mmoja vinatosha kuyaziba.

Ili kuelewa kwa nini maji yaliyotuama yana uzito wote huu, ni lazima tuingie kidogo ndani ya zege lenyewe. Saruji inapoganda huacha ndani yake alikali kali, yenye pH ya kati ya 12.5 na 13.5 hivi, na katika hali hiyo nondo hujijengea utando mwembamba usioonekana kwa macho ambao huizuia kushika kutu. Utando huo ukidumu, nondo inaweza kukaa miaka mingi sana ndani ya zege lenye unyevu bila kudhurika. Unapoharibika, sababu kubwa huwa ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni kloraidi, yaani chumvi, ambayo ikifika kwenye chuma huutoboa utando hata kama alikali bado ni nyingi. Ya pili ni hewa ya ukaa, ambayo hupenya katika vitundu vya zege, ikakutana na unyevu, na kuila alikali polepole hadi pH ikashuka karibu na 9. Kuanzia hapo kinachohitajika ni maji na oksijeni tu. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma kilichoizaa, na kwa kuwa zege halivumilii kuvutwa, hupasuka kwa ndani na kuachana tabaka kwa tabaka sambamba na nondo, muda mrefu kabla mpita njia hajaona chochote.

Sehemu kubwa ya maarifa ya dunia kuhusu ukarabati wa sakafu za madaraja imetoka katika nchi za baridi, na jambo hili lina maana kwetu. Huko Marekani na Kanada barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo iliharibu maelfu ya sakafu ndani ya kizazi kimoja. Kutokana na janga hilo zilizaliwa dawa nyingi: nondo zilizopakwa epoksi (aina ya plastiki ngumu), zilizotumika kwa mara ya kwanza katika daraja la Pennsylvania mwaka 1973, na ulinzi wa umeme unaoilazimisha nondo isipoteze chuma, ambao mwaka huohuo ulijaribiwa kwenye sakafu ya daraja la Sly Park huko California. Ni kazi za kuheshimika, ingawa si zote zilizotimiza ahadi. Katika visiwa vya Florida Keys, mwaka 1986, nondo za epoksi zilikutwa na kutu miaka michache tu baada ya madaraja kukamilika. Ziwa Victoria ni la maji baridi yasiyo na chumvi ya bahari, na hakuna aliyewahi kumwaga chumvi kwenye barabara ya Usagara ili kuyeyusha barafu. Kwa hiyo mshauri anayekuja Mwanza na orodha ya dawa za kloraidi anastahili kuulizwa kwanza kama amepima ugonjwa wenyewe. Dar es Salaam ni habari nyingine: Daraja la Tanzanite na Daraja la Nyerere kule Kigamboni yamesimama katika maji na upepo wa chumvi, na huko tahadhari hizo zina mahali pake. Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, ndio wanaosimamia barabara kuu za pwani na za ziwa kwa pamoja, na sioni sababu ya maeneo haya mawili kutumia mwongozo mmoja wa kinga.

Hapa kwetu ugonjwa ni hewa ya ukaa, na mwendo wake ndani ya zege una tabia moja ambayo kila msimamizi wa ujenzi angepaswa kuijua kwa moyo. Kina chake hakikui sawasawa na miaka, bali hukua kwa kipeuo cha pili cha miaka. Zege ambalo hewa ya ukaa imelipenya milimita 10 katika miaka 10 litakuwa limepenywa milimita 20 katika mwaka wa 40, na milimita 30 katika mwaka wa 90. Hiyo ni habari njema kwa nondo iliyofunikwa na milimita 30 za zege zuri. Lakini igeuze hesabu hiyo. Nondo iliyowekwa milimita 15 tu kutoka usoni, kwa sababu vipande vya kuinulia nondo havikutosha au kwa sababu vibarua waliikanyaga wakati wa kumwaga, haipotezi nusu ya kinga yake. Inapoteza robo tatu, kwa kuwa hewa ya ukaa itaifikia katika miaka 22 hivi. Kosa la milimita 15, ambalo hakuna anayeliona siku ya makabidhiano, ni kubwa kuliko makosa mengi yanayoandikwa katika ripoti.

Zege likikosa maji siku za mwanzo, hali huwa mbaya zaidi. Jua la Mwanza la saa saba mchana na upepo wa ziwa hukausha uso wa zege kwa kasi, na zege lisilofunikwa kwa magunia yenye maji au kumwagiliwa kwa angalau siku 7 hubaki na vitundu vingi pale pale juu, kwenye milimita zilizokusudiwa kuwa kinga. Ni kazi ya ndoo, pampu na mtu mmoja wa kuisimamia. Nimeona miradi mingi ya barabara ambapo mtu huyo ndiye wa kwanza kuhamishiwa kazi nyingine.

Hewa ya ukaa peke yake haitoshi kuliangusha daraja, na hapa ndipo maji yanaporudi. Zege lililolowa kabisa haliruhusu hewa kupenya kwa urahisi, na zege kavu kabisa haliruhusu kutu kuendelea. Madhara makubwa hutokea pale ambapo sehemu moja hukauka na kulowa kwa zamu, na hiyo ndiyo kalenda yetu: vuli, kiangazi kifupi, masika, kisha miezi ya ukavu. Ukitaka kujua daraja la kanda hii litaharibikia wapi, usisimame katikati ya barabara. Shuka chini uangalie ukingo wa sakafu, pale maji yanapojikunja na kurudi kwa chini kwa sababu hakukuchongwa ule mfereji mdogo wa kuyakata. Angalia chini ya viungio vya upanuzi, ambako mpira umechanika na mchanga umejaa. Angalia mabomba ya kutolea maji ambayo ni mafupi, yanayoishia palepale chini ya sakafu na kuurushia maji mhimili wa jirani, yaani boriti inayoibeba sakafu, mwaka hadi mwaka, ilhali kuyarefusha hadi chini ya mhimili kungegharimu vipande vichache vya bomba. Na ukiona nyasi zimeota kando ya barabara juu ya daraja, jua kwamba chini yake kuna udongo, na chini ya udongo huo zege halijakauka tangu mvua zilipoanza.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya watoa maamuzi, huamini kwamba lami ndiyo kinga ya sakafu. Lami ni ya magari. Maji hupenya ndani yake, yakafika kwenye uso wa zege na kutulia hapo, gizani, mahali ambapo jua halifiki kuyakausha. Kinga halisi ni utando wa kuzuia maji unaobandikwa au kumwagwa juu ya zege safi na kavu kabla ya lami kuwekwa, na ukarabati wa sakafu usiokuwa na utando huo, hata ukiwa na lami nyeusi inayong'aa, haujatibu chochote. Sakafu ni paa la daraja, na nguzo na mihimili iliyo chini yake huishi vizuri au vibaya kutegemea paa hilo linavuja au halivuji.

Ubaya mwingine wa lami huja inaporundikwa. Barabara inapofanyiwa matengenezo, mkandarasi hufika kwenye daraja na kupitisha tabaka jipya juu ya la zamani kwa sababu kukwangua kunachukua muda. Sentimita 5 za lami zina uzito wa takriban kilo 115 hadi 120 kwa kila mita ya mraba. Katika daraja la urefu wa mita 30 na upana wa mita 10, tabaka moja tu la namna hiyo linaongeza zaidi ya tani 34 zinazokaa hapo usiku na mchana. Matabaka mawili ni zaidi ya lori lililoshehena kufikia kikomo cha sheria ambalo halishuki kamwe. Mbali na uzito, lami iliyorundikwa huzika viungio vya upanuzi, hufunika matundu ya maji, na hupunguza kimo cha kizuizi cha pembeni kinachopaswa kulizuia basi lisitumbukie mtoni. Kwa mtazamo wangu, mkataba wowote wa matengenezo unaoruhusu lami mpya juu ya daraja bila ya zamani kuondolewa na zege kukaguliwa ungepaswa kukataliwa mezani.

Kwani zege lililofunikwa husema kidogo. Tarehe 30 Septemba 2006 sehemu ya daraja la juu la de la Concorde, mjini Laval katika jimbo la Quebec, ilianguka na kuua watu 5. Lilikuwa limejengwa mwaka 1970. Tume iliyochunguza ilikuta mpangilio mbaya wa nondo na zege lisilo na ubora, na katika mambo yaliyochangia ilitaja kukosekana kwa kinga ya kutosha ya kuzuia maji juu ya bamba, pamoja na madhara yaliyoletwa na kazi za ukarabati za mwaka 1992. Siku ya ajali vipande vya zege vilianguka barabarani kabla ya daraja lenyewe kuanguka; mtumishi wa doria alifika, akaviondoa, akaacha daraja wazi akisubiri lifanyiwe ukaguzi siku nyingine. Nchi hiyo ina fedha, ina maabara, na ina wahandisi wengi kuliko sisi. Ilichokosa siku hiyo ni utaratibu wa kumfanya mtu wa ngazi ya chini aamini kwamba ana mamlaka ya kufunga daraja.

Ukarabati unapokuwa hauna budi kufanyika, kuna namna ya kuufanya. Mkaguzi hupita na nyundo, au huburuta mnyororo juu ya sakafu, akisikiliza mlio: zege zima hulia kwa ukali, zege lililoachana hulia kwa uvungu. Baada ya hapo huvunjwa vipande vichache na kupuliziwa finofthalini, kemikali inayogeuka waridi palipo na alikali na kubaki bila rangi palipoliwa na hewa ya ukaa. Kwa gharama ndogo unajua kama adui ameifikia nondo au bado. Penye shaka ya kloraidi hupimwa pia volteji ya nondo. Sehemu mbovu hukatwa kwa mistari iliyonyooka, huvunjwa hadi nyuma ya nondo ili nondo izungukwe na zege jipya pande zote, chuma husafishwa hadi king'ae, zege la zamani hulowanishwa na kuachwa likauke juu tu, kisha zege jipya lenye kokoto hujazwa na kutunzwa kwa maji. Matatizo huanza palipo na haraka. Nyundo nzito ya upepo huacha nyufa ndogo katika zege zima lililobaki, na kiraka huachana nalo baada ya misimu michache. Plasta ya saruji nyingi inayopakwa juu ya nondo yenye kutu, ambayo nimeiona chini ya madaraja zaidi ya moja, ni mapambo.

Kuhusu vipakaji vya kisasa, tahadhari moja. Wauzaji husifu sileni, kimiminika kinachozama milimita chache ndani ya zege na kulifanya likatae maji huku likiendelea kupumua. Pwani na katika nchi za chumvi kinafaa sana. Lakini sileni haizuii hewa ya ukaa, na kwa kulikausha zege inaweza hata kuirahisishia njia kidogo. Inafaa kukumbukwa kwamba ndani ya zege kavu nondo haishiki kutu kwa kasi, hivyo matumizi yake hayawi bure. Ila anayeinunua kwa ajili ya daraja la Magu akidhani amenunua kinga ya hewa ya ukaa ameuziwa kitu kingine. Kwa kazi hiyo kuna rangi maalumu zinazotengeneza utando usiopitisha hewa hiyo, nazo zinafaa zaidi pembeni na chini ya sakafu, si juu zinapopita gurudumu.

Daraja la Kigongo–Busisi linadai uangalifu wa aina yake kwa sababu limejengwa kwa zege lililokazwa kwa nyaya za chuma. Nondo ya kawaida inaposhika kutu hutoa taarifa: zege hupasuka, madoa ya kahawia hutokea. Nyaya zilizokazwa zimefichwa ndani ya mirija, na zinaweza kuliwa bila dalili yoyote ya nje. Mwaka 1985 daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales, lililokuwa na umri wa miaka 32, lilianguka ghafla kwa sababu maji yenye chumvi yalifika kwenye nyaya kupitia maungio ya vipande vyake. Uingereza ilisimamisha ujenzi wa madaraja mapya ya aina hiyo ya mirija iliyojazwa saruji kuanzia mwaka 1992 hadi 1996, ikiandika upya taratibu zake. Chumvi sisi hatuna, na ujenzi wa leo si ule wa mwaka 1953. Maji tunayo, na kila kiungio cha sakafu ya kilomita tatu kinachovuja ni swali ambalo jibu lake halionekani kwa macho.

Tukija kwenye mizigo, kikomo cha uzito wote wa gari katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56, na mizani za barabara kuu husimamia jambo hilo kwa kiasi. Hata hivyo, bamba la sakafu lililo kati ya mihimili miwili halijui uzito wote wa lori. Linajua uzito wa gurudumu lililo juu yake wakati huo. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960 yalitupatia kanuni kwamba uharibifu wa barabara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, kiasi kwamba ekseli ya tani 13 huharibu karibu mara tatu ya ile ya tani 10. Kwa bamba za zege uharibifu hupanda kwa kasi zaidi, na majaribio ya Japani ya kuyapitisha magurudumu juu ya bamba mara nyingi mfululizo yameonyesha kwamba bamba lenye maji katika nyufa huchoka mapema sana kuliko bamba kavu la aina ileile. Kwa maneno mengine, mzigo uliozidi na maji yaliyotuama havijumlishwi, vinazidishana.

Hapa Mwanza kuna kundi la magari ambalo halipiti mizani yoyote. Ni tipa zinazobeba mawe, kokoto na mchanga kutoka machimbo ya pembezoni kwenda kwenye ujenzi wa mjini. Jiji hili limejengwa juu ya miamba na kwa miamba, na tipa hizo hupita katika barabara za mitaa na madaraja madogo juu ya Mto Mirongo na vijito vingine, mara nyingi zikiwa zimejaa hadi juu ya bodi. Madaraja hayo ya mitaa na ya wilaya yako chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza mwaka 2017. Mizani ya kuhamishika, hata moja, ikizungushwa bila taarifa katika njia za machimbo, ingelinda sakafu nyingi kuliko fedha hiyohiyo ikitumika kujaza viraka.

Kuna pia wizi, na sioni jinsi ya kuukwepa. Vifuniko vya chuma vya matundu ya maji, vipande vya kingo na hata sehemu za viungio huishia kwenye biashara ya vyuma chakavu. Msanifu anayeendelea kuchora kifuniko cha chuma kinachonyanyuliwa kwa mkono katika daraja la mjini anafanya hesabu bila mmiliki wa duka la chakavu. Zege na plastiki ngumu vinaweza kufanya kazi hiyo. Havina bei sokoni.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalililipua daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, na nchi nzima ilijua kwamba daraja limepotea. Daraja linalopotea kwa miaka 30 kupitia tundu lililoziba halina siku, kwa hiyo halina habari, na kwa kawaida halina fungu katika bajeti. Fedha za Mfuko wa Barabara, zinazotokana na tozo ya mafuta, hugawanywa katika matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi na ya madaraja, na katika mgawanyo huo kuzibua matundu ya daraja humezwa na kufyeka nyasi na kuzibua mitaro ya barabara. Ningependa kazi za sakafu zitenganishwe katika mkataba, zikiwa na bei yake na kipimo chake: matundu yote wazi wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla ya vuli, na tena wiki ya mwisho ya Februari, kabla ya masika, viungio visafishwe na mpira uliochanika ubadilishwe, ukingo usiwe na udongo. Vikundi vya vijana na wanawake vinavyopewa kazi ndogo za barabara vinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mkaguzi anaweza kuithibitisha kwa ndoo moja ya maji na picha. Asiyefungua matundu asilipwe.

Mhandisi W. R. de Sitter aliandika mwaka 1984 kanuni maarufu ya tano: shilingi moja inayotumika kwa ubora wakati wa kujenga ni sawa na tano za matengenezo kabla uharibifu haujaanza, ishirini na tano za ukarabati wa mapema, na mia moja ishirini na tano za ukarabati mkubwa. Hunukuliwa mara nyingi. Ni kanuni ya makadirio, haikupimwa Tanzania wala haidai usahihi wa hesabu, na mtu anayeandaa bajeti kwa kuitegemea kama jedwali anajidanganya. Gharama ambayo kanuni hiyo haiihesabu kabisa ni ya kufunga njia. Wakati wa vivuko, chombo kimoja kikiharibika kingine kiliendelea polepole. Leo, kufunga sakafu ya Kigongo–Busisi kwa ukarabati mkubwa kungemaanisha malori ya Geita, Kagera na Rwanda kuzunguka kupitia Kahama na Shinyanga, huku magari madogo yakisongamana kwenye kivuko cha Kamanga.

Ukaguzi ndio unaoamua kama tutafika huko. Marekani iliweka viwango vya taifa vya ukaguzi baada ya daraja la Silver Bridge kuanguka mwaka 1967 na kuua watu 46, na kwa kawaida kila daraja hukaguliwa ndani ya miezi 24, sakafu ikipewa alama yake tofauti na nguzo na mihimili. Japani, tangu mwaka 2014, inataka kila daraja likaguliwe kwa karibu, umbali wa kugusika, kila baada ya miaka 5. Sisi tunaweza kuchagua mzunguko wowote tunaoumudu, mradi sakafu ipewe alama yake yenyewe na alama hiyo itangazwe kwa kila mkoa, ili diwani wa Misungwi au Magu aweze kuuliza kwa nini daraja fulani limeshuka kutoka alama moja hadi nyingine ndani ya miaka miwili.

Kwa daraja letu jipya, kazi ya kwanza ni kuandika hali yake likiwa bado zima: unene wa zege juu ya nondo katika maeneo mengi ya sakafu, kina cha hewa ya ukaa leo, picha ya kila kiungio na kila bomba wakati mvua ikinyesha, na kumbukumbu za ujazaji wa mirija ya nyaya jinsi mkandarasi alivyoziacha. Vipimo hivyo vichukuliwe na watu wasiokuwa mkandarasi mwenyewe na vihifadhiwe mahali ambapo mhandisi wa mkoa atakayekuwapo mwaka 2045 ataweza kuvipata, kwa sababu kina cha milimita 12 atakachokipima siku hiyo hakitamwambia lolote kama hajui kilikuwa milimita ngapi mwaka huu.